Pombe ya wakwe: inywewe au isubiri?

Wale wa Mlimani, wale wa Mabibo hosteli, na nyie mliobaki kitaa mnasikilizia bumu kama wagonjwa wanavyosikilizia daktari, salamu zenu kutoka Buha. Nimerudi juzi. Asali mliyoagiza ipo, mawese yapo kidogo, dagaa wameliwa njiani Kahama na mimi mwenyewe, msiniulize.

Sasa kuna mmoja wenu (anajijua) kanitumia meseji: "Oya, ile pombe ya ndizi ya kwenu inaweza kufika Dar ikiwa nzima?" Nikacheka peke yangu kwenye basi, jirani yangu akanihamishia begi lake. Nimecheka kwa sababu swali hilohilo ndilo lililoigawa familia yetu vipande viwili likizo hii, na haikuwa utani hata kidogo. Kaeni vizuri.

Mdogo wangu wa kike ana mchumba. Walikutana Kasulu alipokuwa chuo cha ualimu pale. Kijana ni wa Kasulu, sisi ni wa upande wa Kibondo, ndani kidogo, pale ambapo ukisema "mjini" watu wanaelewa stendi ya Kibondo. Wakwe walipanga kuja Juni. Wakaahirisha, wakasema kuna mavuno. Sawa, mavuno ni mavuno. Wakapanga tena Jumamosi moja ya Julai. Kwetu mgeni wa namna hiyo anakuja na pombe yake ya kuombea, lakini mwenyeji naye hakai mikono mitupu. Bibi akasema pombe anapika yeye mwenyewe, hataki ya kununua kilabuni.

Kwa wasiojua, hii kitu haipikwi kwa maana ya kuinjika jikoni. Ndizi za pombe zinakatwa mbichi, zinafukiwa shimoni kwa majani ya migomba hadi ziive. Julai usiku kwetu ni baridi, tuko juu zaidi ya mita 1,000, kwa hiyo ndizi zinachelewa na bibi huwa anawasha moto kidogo pembeni ya shimo kuzisaidia. Zikiiva zinamenywa, zinakamuliwa kwa nyasi. Unashika fungu la nyasi, unakandakanda pamoja na ndizi mpaka juisi inaachana na makapi. Kazi ya mikono minne mpaka sita, na mgongo. Juisi inachujwa, inaongezwa maji, inatiwa unga wa mtama uliokaangwa, inafunikwa. Siku mbili tatu imeiva. Rwanda wanaiita urwagwa, Burundi urwarwa, Bukoba rubisi. Wachaga nao wana mbege yao ya ndizi na ulezi. Sisi nyumbani tunasema pombe tu, na kila mtu anaelewa.

Safari hii bibi alifanya vyombo viwili. Kwanza pipa la plastiki, kama lita mia hivi, la watu wote. Halafu dumu la lita ishirini, na hapo ndipo stori ilipo. Lile dumu alitia juisi ya mwanzo, ile nzito kabla haijaongezwa tone la maji, akachanganya na asali ya babu.

Nieleze hiyo asali. Babu alikuwa na mizinga ya magogo porini, kwenye miyombo. Alishatangulia mbele ya haki. Mizinga mingine ilianguka, mingine wameiba, ikabaki miwili ambayo baba mdogo huwa anaipanda. Babu alipokuwa hai alikuwa anamwambia mdogo wangu, tangu hajaanza hata darasa la kwanza, "Asali ya mizinga hii ndiyo ya posa yako." Utani wa babu na mjukuu, si mnajua tena. Lakini baba mdogo hakuusahau. Mavuno ya mwaka huu aliyafungia, hata chai hatukuonja nayo. Ikaingia yote kwenye lile dumu.

Juisi imekamuliwa Jumatano, majirani wamekuja kusaidia, unga umetiwa jioni, pipa limefunikwa. Alhamisi jioni simu ya baba mdogo ikaita. Mshenga, kutoka Kasulu. Baba mdogo akasikiliza, akasema "ndiyo mzee" mara nne, akakata. Wamepata udhuru. Hawaji Jumamosi hii. Wanaomba Jumamosi inayofuata.

"Udhuru gani?" mama akauliza.

"Kasema udhuru."

Mdogo wangu alikuwa anachambua maharage. Akaendelea kuchambua.

Hesabu ni rahisi na ni mbaya. Pombe inaiva Jumamosi. Wakwe wanakuja wiki moja baadaye. Na mara ya kwanza walishaahirisha. Baba mdogo akashika msimamo palepale: pombe isiguswe, isubiri wakwe. Na msimwone ni mtu wa ajabu, hoja yake ilikuwa na uzito. Majirani wote wanajua pombe ipo, waliikamua wao. Harufu yake unaipata ukiwa barabarani. Tukiinywa Jumamosi bila wageni, tumewatangazia kijiji kizima kwamba binti wetu ameachwa. Ikibaki imefunikwa, maana yake wageni wanakuja, sisi tunasubiri, heshima ya binti ipo palepale. Mfuniko ule ndio ulikuwa tangazo letu.

Bibi hakujibu. Akanigeukia mimi. "Mume wangu, wewe si unasomea mambo ya vyakula huko Dar? Haya, sema."

Jamani. Nimefanya mitihani mingi ya kubangaiza hapa Mlimani, nimekesha na madesa, lakini sijawahi kuulizwa swali moja la mdomo mbele ya watu wanane wanaosubiri jibu wakiwa wamezunguka moto. Na wala hakuna sapu.

Nikawaambia ninachokijua. Kwenye ile juisi kuna hamira za asili, zimetoka kwenye ndizi, kwenye nyasi, kwenye pipa lenyewe. Zinakula sukari zinatoa kilevi na gesi, ndiyo maana inatokota bila moto. Sukari ikikaribia kuisha hamira zinapoa. Hapo pombe ndiyo tamu, imeiva. Lakini kuna wadudu wengine wanangoja zamu yao, bakteria wa siki. Hao chakula chao ni kilevi chenyewe, na wanahitaji hewa. Pipa lenye mdomo mpana, limefunikwa kwa majani, lina hewa ya kutosha kabisa. Juu ya hapo kuna wale wanaochachusha maziwa, nao wapo humo, wanaongeza ukali siku hadi siku. Kwa hiyo Jumamosi ni pombe, Jumanne ni pombe ya kuvumilia, Jumamosi ya pili utawapa wakwe siki yenye machicha ya mtama.

"Tuongeze sukari," baba mdogo akasema.

Nikamwambia baba mdogo, sukari itaongeza kilevi kidogo, lakini ukali ulioingia hautoki. Tuichemshe? Itaua hamira na bakteria, sawa, ila kilevi nacho kinaondoka na mvuke na ladha inakuwa ya uji. Friji? Friji iliyopo ni ya dukani pale barabarani, inabeba soda mbili tatu na inategemea umeme umeamkaje. Lita mia utaziweka wapi?

Hapa niwapeleke mbali kidogo, maana najua kuna watu wataniletea ubishi: "Mbona Ulaya bia inakaa miaka?" Ni kweli, zipo. Mwaka 1968 kiwanda cha Eldridge Pope pale Dorchester, Uingereza, kilitoa bia iitwayo Thomas Hardy's Ale, kwa heshima ya yule mwandishi wa riwaya, na wakasema inaweza kuwekwa miaka 25 ikazidi kuwa nzuri. Wabelgiji nao wana bia nzito za chupa ambazo watu wanaziweka kabatini makusudi. Lakini angalieni ni bia gani. Ni zile zenye kilevi kikubwa, zimefungwa kwenye chupa, hewa haiingii, na mara nyingi kuna hamira hai zimebaki humo ndani. Hii bia yetu ya kawaida ya chupa, Safari na wenzake, ukiiweka miaka mitatu haizeeki kwa heshima, inachakaa tu. Inaanza kuonja boksi. Na Arusha kuna kiwanda, Banana Investments, kinatengeneza pombe ya ndizi ya chupa inayokaa dukani, lakini ile imechujwa na imepashwa moto kiwandani. Pipa la bibi halijui mambo hayo. Louis Pasteur, yule Mfaransa, aliandika kitabu kizima kuhusu bia mwaka 1876, na kiini chake ni hichohicho: bia inaharibiwa na viumbe wadogo wanaoingia. Bibi hajamsoma Pasteur. Ila pipa lake huwa analiosha kwa maji ya moto, na mtu mwenye mikono ya kitunguu halisogelei.

Tuendelee. Nikasema pipa haliwezi kusubiri, ila dumu linaweza. Asali yenyewe haiharibiki kirahisi kwa sababu maji yake ni machache, chini ya asilimia 20, kiumbe kikiingia kinanyonywa maji kinakufa. Ukiichanganya na juisi ndiyo inaamka, lakini inaamka taratibu, hamira kwenye asali hazina chakula kingine cha kujengea mwili zaidi ya sukari, zinafanya kazi kwa kusuasua. Na sukari ni nyingi, kwa hiyo kilevi kitapanda zaidi ya kile cha pipa, na kilevi kikipanda bakteria wa siki wanapata shida. Ila sharti hewa isiingie. Na sharti gesi itoke, la sivyo dumu litapasuka na asali ya babu itakuwa imeenda ukutani.

Baba mdogo akasema, "Kwa hiyo unataka tuwatangazie watu."

Sikuwa na jibu la hilo. Hamira nazijua, majirani ni somo jingine.

Aliyejibu ni mdogo wangu. Hakuinua kichwa kwenye maharage. "Baba mdogo, wakija na kukuta siki, Kasulu watasema nini? Na wasipokuja, hiyo siki tutaifanyia nini? Mimi naona inywewe."

Kimya. Mama akatoka nje akajifanya anaangalia kuku. Usiku ule hakuna kuku anayehitaji kuangaliwa, wadau.

Bibi ndiye aliyefunga mjadala. Akasema waliokamua wanadai. Walitoa mikono yao Jumatano, na mtu aliyekamua pombe haambiwi asubiri mgeni asiyemjua ndipo naye aonje. Jumamosi waitwe. Dumu libaki. Na ndizi nyingine zitafutwe, zifukiwe kesho hiyohiyo. Baba mdogo akasema ndizi zitanunuliwa na nini. Bibi akanitazama tena. Nikatoa elfu thelathini yangu ya akiba ya nauli. Ndiyo maana, kwa wale mlionidai dagaa, mimi mwenyewe nimerudi Dar kwa kuunga unga.

Ijumaa asubuhi nikashughulikia dumu. Nilitafuta kipande cha mpira mwembamba kwa fundi baiskeli, nikatoboa mfuniko, nikaupitisha, nikaziba pembeni kwa nta ya asali, ncha ya pili nikaitumbukiza kwenye chupa ya soda yenye maji. Gesi inatoka kwa mapovu, hewa hairudi. Ni kitu kidogo sana, tulifundishwa mwaka wa kwanza kwa mchoro ubaoni. Bibi akaja, akatazama mapovu yanavyotoka, blup, blup. Akaniuliza, "Umeiwekea dripu?" Kuanzia hapo jina lake likawa mgonjwa. "Mgonjwa anaendeleaje?" "Anapumua."

Jumamosi watu wakaja. Niseme ukweli, ile pombe ilikuwa imefika pale pake hasa. Nimekunywa pombe ya ndizi tangu niko mdogo (kwa kuibia, kwa mrija), sijawahi kukuta kama ile. Utamu bado upo kwa mbali, mtama unasikika kama mkate ulioungua kidogo, halafu inakukwaruza kidogo kooni ujue si togwa. Wazee walikaa na mirija yao kwenye chungu, vijana na vikombe, akina mama upande wa jikoni. Kama ingesubiri siku tatu zaidi ile kitu isingekuwepo tena, na hakuna mtu angejua kwamba iliwahi kuwepo.

Lakini swali lilikuja, kama baba mdogo alivyosema. Mzee mmoja jirani, akiwa ameshashiba, akauliza kwa sauti, "Na wakwe wako wapi?"

Mirija ikasimama. Nikamwangalia mdogo wangu, alikuwa anagawa vikombe, mkono haukutetemeka ila alisimama.

Bibi akasema, "Wako njiani. Kutoka Kasulu ni mbali." Watu wakacheka, maana barabara ile kila mtu anaijua. Miaka na miaka ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, mabasi yanalala porini. Siku hizi lami imefika sehemu kubwa na safari imekuwa fupi, kwa hiyo utani wa bibi ulikuwa na mwiba ndani yake, na walioelewa walielewa. Wapo walionong'ona wakirudi, lazima. Jumapili kanisani kuna mama mmoja alimpa mama yangu pole. Pole ya nini? Mama alirudi nyumbani hakula mchana.

Baba mdogo hakunywa mpaka jua linazama. Akaenda pembeni ya pipa na kata yake, akanywa amesimama, akajaza tena. Hakusema kitu. Nikajifanya sijamwona.

Ile wiki ilikuwa ndefu kuliko wiki ya mitihani. Ndizi mpya shimoni, moto pembeni kila usiku ili ziwahi, kukamua tena Alhamisi na watu wachache zaidi ya mara ya kwanza (nilihesabu). Mdogo wangu anaangalia simu, anaiweka, anaiangalia. Mchumba wake alikuwa anajibu kwa maneno mawili mawili. Na pale kona ya chumba cha bibi, blup, blup, kila siku taratibu zaidi.

Walikuja. Saa kumi alasiri, Noah moja imejaa wazee, na dumu zao. Udhuru ulikuwa ni baba wa kijana, alikuwa amelazwa, hali ilikuwa mbaya, na wazee wao hawakutaka jambo la posa lichanganywe na habari za hospitali kwenye simu. Alikuwepo kwenye Noah, amekonda, amevaa sweta mbili. Mama yangu alipomwona alienda jikoni akakaa huko dakika kadhaa.

Pipa la pili lilikuwa zuri, si kama la kwanza. Lilikuwa bado bichi kidogo, lilihitaji siku moja zaidi. Wakwe walisifia, ila wakwe kazi yao siku hiyo ni kusifia.

Kisha bibi akaagiza mgonjwa aletwe. Nikachomoa mpira, nikafungua. Harufu ya asali ilipotoka niliwaza babu, basi. Rangi ilikuwa imetulia, machicha yameshuka chini, juu inang'aa kama chai ya rangi. Utamu mwingi ulikuwa umeondoka. Ilikuwa kavu, kali, inapasha kifua, na mwishoni kuna moshi kwa mbali, ule moshi wa kurinia. Bibi aliimimina kwenye kibuyu kidogo, akampa kwanza yule baba mgonjwa. Alionja kidogo tu, nadhani daktari kamkataza, akakishika kibuyu muda mrefu. Akauliza, "Asali ya nani hii?" Bibi akamwambia. Yule mzee akampitishia jirani yake, na kila aliyepokea aliambiwa asali ya nani.

Hatukuimaliza. Zilibaki kama lita nane, na hapo ubishi ukaanza upya, safari hii pande zimebadilishana! Ndoa ni Desemba. Baba mdogo anasema tuinywe sasa, imeshaonekana ni nzuri, ya kesho nani anaijua, mliona wenyewe wiki iliyopita. Bibi anasema ikae mpaka Desemba, siku ya ndoa. Wakanigeukia tena. Nikasema inaweza kukaa, kama tutaigawa kwenye chupa za kioo zilizochemshwa, zijazwe mpaka shingoni hewa isibaki, ziwekwe gizani penye baridi, na kwa wiki za mwanzo zilegezwe vifuniko kidogo kila siku mpaka zisipumue tena. Ila itabadilika. Utamu uliobaki utazidi kuondoka. Inaweza kuwa nzuri zaidi, inaweza kuwa kali tu. Na bibi ana miaka yake, yule mzee wa Kasulu ana hali yake, hilo sikulisema ila nadhani kila mtu alilifikiria.

Bibi alishinda. Tulipata chupa kumi na moja, ziko chini ya kitanda chake, zimefunikwa kwa kanga. Kabla sijapanda basi alinionyesha jinsi anavyozilegeza, moja moja, kwa mpangilio, anasikiliza kila moja.

Jana mdogo wangu kanitumia picha kwenye WhatsApp. Kahesabu, chupa zipo zote kumi na moja, ila moja imepungua mpaka chini ya shingo. Kamuuliza bibi. Bibi kasema ni mvuke.